Masanduku Mawili ya Bibi: Jibu kwa Msomaji Anayetaka Kukabidhi Nyaraka za Familia kwa Maktaba

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mwalimu na mshairi, amefariki na kutuachia masanduku mawili yaliyojaa makaratasi. Yamo madaftari ya mashairi, riwaya moja ambayo haikuchapishwa, barua za miaka mingi, stakabadhi, picha na vipande vya magazeti. Wajomba zangu wanataka kila mtu achukue barua alizoandika yeye au mzazi wake, miswada ipelekwe maktaba, na makaratasi mengine yachomwe. Mimi nimeshaanza kupanga sanduku la kwanza kwa tarehe. Je, tunafanya sawa? Na maktaba itayapokea kwa masharti gani?”

Ndugu yangu, pole kwa msiba. Kazi yangu ni uhifadhi wa nyaraka, na swali kama lako hutufikia mara nyingi likiwa limechelewa, yaani baada ya barua kugawanywa na moto kuwashwa. Lako limefika mapema, na kwa sababu hiyo nitalijibu kwa urefu. Jibu fupi ni kwamba usimamishe kupanga leo hii, msigawane chochote, msichome chochote, wala msitenganishe miswada na makaratasi mengine, hadi mhifadhi wa nyaraka ayaone masanduku yakiwa jinsi bibi alivyoyaacha. Najua shauri hili linakera, kwa kuwa mtu yeyote mwenye kupenda unadhifu akiona sanduku limejaa makaratasi mikono humwasha kulipanga.

Karatasi ikitolewa mahali pake hubaki na maneno yake, lakini hupoteza majirani zake, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu karatasi za zamani tumeyapata kwa majirani hao. Shairi lisilo na tarehe likikutwa limebanwa katikati ya barua mbili za mwezi mmoja, tunapata pa kuanzia kukadiria liliandikwa lini. Barua ambayo mwandishi wake ametia sahihi kwa jina la utani tu ikibaki ndani ya bahasha yake, bahasha inatupa muhuri wa posta, mji na siku. Daftari la matumizi ya nyumbani lililolazwa juu ya mswada wa riwaya linaweza kutuonyesha kwamba kwa miezi kadhaa mwandishi hakuandika sura hata moja kwa kuwa alikuwa akiuguza mtu. Ukiyapanga makaratasi kwa tarehe, yale yenye tarehe yatajipanga vizuri na kukupa furaha ya kazi iliyokamilika, ila yale yasiyo na tarehe, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiutegemea ujirani huo, yatabaki rundo moja lililonyamaza.

Wenye taaluma yetu walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa iliagiza kwamba nyaraka za ofisi moja, familia moja au mtu mmoja zikae pamoja kama mwili mmoja, zisichanganywe na za wengine kwa kufuata mada. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walitoa kitabu cha mwongozo kilichokwenda hatua moja mbele kwa kusisitiza kwamba hata ndani ya mwili huo mpangilio wa mwenyewe uheshimiwe. Kanuni hizo mbili ndizo nguzo za kazi yetu hadi leo, na mhifadhi atakayekuja kwenu atauliza swali la kwanza kutokana nazo: nani ameyagusa haya tangu mwenyewe alipofariki?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mshairi Emily Dickinson wa Marekani. Alipofariki mwaka 1886, mdogo wake Lavinia alikuta chumbani mashairi mengi kuliko familia ilivyodhani, na jumla ya mashairi yake tunayoyajua leo inakaribia 1,800. Mengi kati yake alikuwa ameyanakili kwa makini kwenye karatasi za kukunja, akazikusanya karatasi chache chache, akatoboa matundu mawili ukingoni na kupitisha uzi, hivi kwamba aliacha vijitabu 40 vilivyoshonwa kwa mkono wake. Mabel Loomis Todd, mmoja wa wahariri wa toleo la kwanza la mwaka 1890, alivifumua vijitabu hivyo alipokuwa akiifanya kazi hiyo, karatasi zikachanganyika. Hakuwa na nia mbaya, kwani bila jasho lake pengine dunia isingemjua mshairi huyu mapema hivyo. Hata hivyo swali la shairi lipi mshairi mwenyewe aliliweka jirani na lipi lilikosa jibu la uhakika kwa miongo mingi. Ilimlazimu mtaalamu aitwaye R. W. Franklin kulinganisha matundu ya sindano, madoa, alama za wino uliogusa ukurasa wa pili na mikunjo ya karatasi, ndipo mwaka 1981 akachapisha vijitabu vile vikiwa vimerudishwa katika mpangilio wake. Fikiria kazi ya miaka kutafuta kitu ambacho uzi ulikuwa umekishika bila gharama yoyote.

Nami yamenipata, kwa kiwango kidogo. Familia moja ilituletea mashairi ya marehemu baba yao, kila shairi likiwa ndani ya mfuko mpya wa plastiki, na barua zake zikiwa katika boksi la peke yake. Walikuwa wamefanya kazi ile usiku na mchana kwa upendo mkubwa. Kwenye kona ya juu ya shairi moja niliona alama ya kutu yenye umbo la klipu, pande mbili zikiwa zimepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Klipu yenyewe ilikuwa imetupwa. Niliendelea na kazi nyingine, na siku kadhaa baadaye, nikifungua barua moja baada ya nyingine, nikakuta barua ya rafiki yake yenye alama hiyohiyo kwenye kona hiyohiyo. Nilizilaza karatasi mbili pamoja, kutu ikakutana na kutu. Barua ile ilikuwa ikilijadili shairi lile mstari kwa mstari, na rafiki alikuwa amesema kwamba ubeti wa tatu unaeleza kile ambacho ubeti wa pili umekwisha kukidokeza. Katika nakala ya baadaye ya shairi hilo ubeti wa tatu haupo. Bila doa la kutu tusingalijua kwamba ubeti ule haukuondolewa na mshairi peke yake, ila uliondoka katika mazungumzo ya watu wawili waliokuwa wakiaminiana. Ndiyo maana nasema msizitenganishe barua na miswada, kwa sababu siku ile karatasi hizo zilikuwa kitu kimoja.

Sasa nije kwenye yale ambayo wajomba wanataka yachomwe. Watu wengi huamini kwamba maktaba hutaka maandishi mazuri tu, na kwamba stakabadhi, orodha za manunuzi, ratiba za shule na barua za kuombana fedha ni takataka za nyumbani. Katika Uingereza ya karne ya 15 kulikuwa na familia iitwayo Paston, ambayo barua zake, kwa sehemu kubwa, zimo leo katika Maktaba ya Uingereza. Mwaka 1448 Margaret Paston alimwandikia mumewe aliyekuwa safarini, akimwomba ampelekee pinde za kulindia nyumba iliyokuwa katika hatari ya kushambuliwa na watu waliokuwa wakigombea ardhi nao, na katika barua hiyohiyo akamwagiza lozi na sukari. Iwapo mrithi mmoja angeketi na kuchagua barua “muhimu”, huenda angeibakiza habari ya pinde na kulifuta agizo la jikoni, nasi tusingemwona mwanamke huyu kama alivyokuwa, anayepanga ulinzi na mlo kwa pumzi moja. Wanahistoria wanazithamini barua hizo kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili yao.

Kwa mwandishi jambo hili lina uzito zaidi. Katika fasihi yetu, barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, zimetufikia kwa kuwa yule aliyeandikiwa alizitunza, na baadaye zikachapishwa. Yusuf Ulenge alikuwa akitunza barua za kaka yake, na kwa utunzaji huo tunamsikia mwandishi akizungumza kama ndugu, si kama jina lililo kwenye jalada la kitabu. Masanduku ya bibi yako yana nafasi ya kufanya kazi ya namna hiyo. Stakabadhi ya kununua karatasi itasema alikuwa na riwaya mkononi, barua ya mhariri aliyeikataa itasema kwa nini riwaya haikuchapishwa, na ratiba ya vipindi vya shule itatuonyesha ni saa zipi za siku mwalimu huyu alibakiwa nazo za kuandika.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba maktaba itabeba kila kipande. Mhifadhi atakapokuja atafungua masanduku, atapima wingi wake, kwa kawaida kwa urefu wa rafu litakalochukua kusanyo zima, na atatazama kama linaingia katika yale ambayo maktaba yake imejipangia kukusanya. Vitabu vilivyochapishwa na ambavyo maktaba tayari inavyo, nakala za ziada za karatasi moja, na karatasi tupu huenda akavirudisha, isipokuwa kama vina maandishi ya mkono pembeni. Kitabu ambacho bibi alikipigia mistari na kuandika “sikubaliani” ukingoni hakiwi nakala ya ziada tena. Hakikisheni hati mtakayotia sahihi inasema wazi kama yale yasiyohitajika yatarudishwa kwenu au yatateketezwa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa.

Baada ya kupokewa, makaratasi hutengwa kwanza na kukaguliwa kama yana wadudu au ukungu, ili yasiambukize yale yaliyomo ghalani. Kisha hutolewa pini na klipu zenye kutu, huku ikiandikwa ni karatasi zipi zilizokuwa zimeshikamana. Yanawekwa kwenye majalada na maboksi yasiyo na tindikali, kila boksi likipewa namba, na mwishowe huandikwa mwongozo wa kusanyo, yaani maelezo ya nani aliyekuwa mwenyewe, yalifikaje, yamepangwaje na kila jalada lina nini. Mwongozo huo ndio mlango. Mtafiti hataruhusiwa kuingia ghalani na kupekua atakavyo, ila ataomba boksi kwa namba yake, atalisoma katika chumba cha kusomea mbele ya mhudumu, akiwa na penseli tu, jalada moja baada ya jingine. Mnaweza kungoja muda mrefu kabla mwongozo haujakamilika, kwa kuwa maktaba nyingi zina makusanyo yanayosubiri zamu. Ulizeni mapema, na msione haya kuuliza.

Nadhani, ingawa hukusema, kwamba hofu kubwa ya wajomba zako ni siri. Barua za familia zina magonjwa ndani yake, madeni, ndoa zilizovunjika na maneno yaliyosemwa kwa hasira. Hofu hiyo ni ya haki na naiheshimu. Moto, hata hivyo, ni dawa kali mno kwa ugonjwa wenye tiba nyingine. Kila mkusanyo unaweza kuwa na sehemu iliyofungwa kwa muda, na muda huo mnaupanga ninyi pamoja na maktaba. Mwaka 1956 Emily Hale alikipa Chuo Kikuu cha Princeton barua 1,131 alizoandikiwa na mshairi T. S. Eliot, kwa sharti kwamba zisifunguliwe hadi miaka 50 ipite tangu kufariki kwa yule atakayekuwa wa mwisho kati yao wawili. Eliot alifariki mwaka 1965, Hale mwaka 1969, na masanduku yakafunguliwa Januari 2020. Kwa miaka hiyo yote sharti lile lilishikwa. Upande wa pili wa mazungumzo, yaani barua za Hale kwa Eliot, haupo, kwa sababu ziliteketezwa kwa maelekezo ya Eliot mwenyewe. Anayezisoma leo barua za Princeton anamsikia mtu mmoja akijibu maswali ambayo hatutayasikia kamwe. Wasimulie wajomba kisa hiki, kisha waulizeni kama miaka 30 au 50 ya kufungiwa isingetosha kuwalinda walio hai.

Pengine mtajiuliza ingekuwaje kama bibi mwenyewe angetaka yachomwe. Hamkusema aliacha wosia, kwa hiyo sitalirefusha. Nitaongeza tu kwamba mwandishi Franz Kafka, kabla ya kufariki mwaka 1924, alimwagiza rafiki yake Max Brod achome kila alichokiacha, na Brod hakuchoma, bali mwaka 1939 aliikimbia Prague na miswada ile ikiwa ndani ya sanduku la safari. Watu wanabishana hadi leo kama alifanya haki. Msimamo wangu ni kwamba agizo la wazi la marehemu linastahili kujadiliwa na familia nzima kwa utulivu, na kwamba kutokuwepo kwa agizo si ruhusa ya kuwasha kiberiti.

Kuhusu kila mtu kuchukua barua alizoandika, hapo wajomba wamechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Karatasi ya barua ni mali ya aliyepelekewa, kwa hiyo barua alizoandikiwa bibi ni sehemu ya mirathi yake, na mwandishi wa barua hana haki ya kuidai karatasi. Maneno yaliyomo, kwa upande mwingine, hakimiliki yake ni ya mwandishi na baadaye ya warithi wake. Tofauti hii ni ya zamani sana. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshitaki mchapishaji Edmund Curll huko London kwa kuchapisha barua zake bila idhini, na mahakama ikaamua kwamba kupokea barua hakumpi mtu haki ya kuichapisha. Kwa mfano wenu, maktaba inaweza kuipokea, kuitunza na kumruhusu mtafiti aisome barua ambayo mjomba alimwandikia mama yake, lakini anayetaka kuichapisha kitabuni lazima apate ruhusa ya mjomba. Mkiwaeleza hivyo, huenda wakaona kwamba barua zao ziko salama zaidi kwenye jalada lenye namba kuliko kwenye droo za nyumba tano tofauti.

Hakimiliki ya mashairi na riwaya ya bibi nayo iko kwa warithi, na haiondoki kwa sababu tu makaratasi yameondoka. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, unataka kazi ya mwandishi ilindwe kwa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kufariki, na nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Kwa hiyo, siku mtakapotia sahihi, someni kwa makini kifungu cha hakimiliki. Baadhi ya maktaba huomba kupewa hakimiliki pamoja na karatasi, nyingine huridhika na ruhusa ya kunakili na kuonyesha. Kama kuna matumaini kwamba riwaya itachapishwa siku moja, nawashauri mbaki na hakimiliki na kuipa maktaba ruhusa ya kunakili kwa ajili ya uhifadhi na utafiti. Mteueni pia mtu mmoja wa familia atakayejibu maombi ya ruhusa, kwani hakuna kinachomchosha mtafiti kama warithi 12 ambao kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake.

Namna ya kukabidhi ni mbili hasa. Kuna zawadi, ambapo umiliki wa karatasi unahamia kwa maktaba moja kwa moja kwa hati ya zawadi, na kuna amana, ambapo maktaba inatunza lakini mali inabaki yenu. Amana inasikika vizuri masikioni mwa familia, ila maktaba nyingi huisita, na sababu yao ni ya kweli: watatumia rafu, maboksi na miezi ya kazi ya mtaalamu kwa kitu ambacho mjukuu anaweza kukidai wiki ijayo. Mimi hupendelea zawadi yenye masharti yaliyoandikwa vizuri. Uuzaji upo pia, hasa kwa waandishi mashuhuri, lakini mkifikiria njia hiyo tafuteni mthamini asiye mfanyakazi wa maktaba inayonunua, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuwa hakimu wa bei.

Hadi mhifadhi atakapofika, kazi yenu ni ndogo. Masanduku yatoke sakafuni na kwenye chumba chenye unyevu, yasikae darini wala penye jua, maana ukungu huanza kustawi hewa inapokuwa na unyevu wa takriban asilimia 65 na kuendelea, na joto linalopanda na kushuka huchosha karatasi kuliko ubaridi wa kawaida. Mikono mitupu, iliyooshwa na kukauka, inafaa zaidi kwa karatasi kuliko glavu, ambazo huondoa hisia ya vidole na kurarua kingo. Glavu ziwe za picha. Msiunganishe karatasi iliyochanika kwa selotepu, wala kuizamisha kwenye plastiki ya moto, kwani hata mtaalamu huyaondoa hayo kwa shida, na karatasi inaweza kuumia. Msiandike chochote kwa kalamu ya wino. Vipande vya magazeti viacheni mahali vilipo, lakini ingizeni karatasi safi nyeupe kila upande, kwa sababu karatasi ya gazeti imejaa tindikali na huchoma rangi ya hudhurungi kwenye chochote kinachoigusa. Mkikuta mikanda ya raba iliyokauka na kushikamana na karatasi, isivutwe.

Mnaweza kuskani baadhi ya kurasa kwa ajili ya ndugu wanaotaka kumbukumbu, na hilo litasaidia sana kutuliza mjadala wa kugawana, kwani kila mmoja atapata nakala ya barua zake bila asili kuhama. Lakini msiifanye picha kuwa sababu ya kutupa karatasi. Mswada uliofutwa na kuandikwa upya una tabaka ambazo skana ya nyumbani haizioni vizuri, kama vile mkandamizo wa kalamu, neno lililokwanguliwa kwa wembe, au penseli iliyo chini ya wino. Na ikiwa bibi alitumia kompyuta miaka yake ya mwisho, itajeni kompyuta hiyo na diski zozote kwa maktaba, msizifute. Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani kilipozichukua nyaraka za mwandishi Salman Rushdie kilipokea na kompyuta zake, na leo rasimu zilizomo ndani ya mashine ni nyaraka sawasawa na madaftari.

Katika kuchagua maktaba, tafuteni ile ambayo tayari ina waandishi wanaofanana na bibi, au nyaraka za shule na eneo alilofundisha, hata kama jina lake si kubwa. Mshairi aliyewekwa kati ya wenzake hupata wasomaji, na aliyewekwa mahali penye sifa lakini pasipo na jirani husahaulika rafuni. Chagueni moja tu. Nyaraka za Dickinson niliyemtaja hapo juu, kutokana na ugomvi uliorithiwa na watoto wa pande mbili, zimegawanyika hadi leo kati ya Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo cha Amherst. Miswada ya tenzi za Kiswahili iliyonakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya imetawanyika pia, mingine ikiwa SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika huko London, na mingine Ujerumani, na anayetaka kuona mwandiko wa mtu yule mmoja kwa ukamilifu hana budi kuvuka mipaka. Huko mgawanyiko ulitokana na historia. Kwenu ungetokana na kikao cha Jumapili moja.

Limebaki sanduku ulilokwisha kuanza kulipanga. Usijaribu kulirudisha lilivyokuwa kwa kubahatisha, kwa sababu mpangilio wa kughushi ni mbaya kuliko mpangilio uliovurugika unaojulikana kwamba umevurugika. Chukua karatasi tupu leo, kabla kumbukumbu haijapoa, uandike kila unachokumbuka: madaftari yalikuwa juu au chini, barua zilifungwa kwa kamba au zilikuwa huru, picha zilikuwa ndani ya kitabu gani, ni karatasi ngapi ulizokwisha kuzihamisha na kutoka upande upi. Tia tarehe na jina lako. Kisha fungua sanduku la pili bila kuingiza mkono, lipige picha kutoka juu mchana penye mwanga wa kutosha, ulifunge, na uiambatishe picha hiyo pamoja na karatasi yako kwenye barua utakayoipelekea maktaba.